Filimbi ya Lango la Nyuma

Kasuku alipewa jina hilo kabla hajaanza shule, na hawakumpa kwa kumsifu. Alikuwa akiongea tangu anafumbua macho mpaka anapitiwa na usingizi, na hata usingizini alikuwa akibishana na watu. Mama yake akimwambia, "Hebu yape masikio yetu likizo," yeye anamjibu kwa hadithi ya masikio yaliyokwenda likizo yakakataa kurudi. Basi ndiye huyu sasa, ameketi kwenye kiti chenye mto pembeni ya cherehani, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, na neno lililobaki kinywani ni moja tu: "Haya."

Ukimuuliza kama ana njaa, "Haya." Kama ameshiba, "Haya." Akikubali anatikisa kichwa, akikataa anakitikisa vilevile. Ukimpa kalamu mkono wa kushoto anachora vikorokoro, anavitazama, halafu anaitupa kalamu kwa hasira. Daktari alisema kiharusi hakikuyafuta maneno, maneno yamo ndani, mlango tu ndio umekwama. Ni rahisi kusema hivyo kama jioni unarudi nyumbani kwako kula na wanao.

Anayemlea ni mdogo wake wa kike, fundi wa kushona sare za shule. Mtaa mzima unamwita Kiitikio, na jina hilo limetokana na kaka yake. Zamani, wakati rap ya Kiswahili ilikuwa jambo la vijana wachache wenye suruali pana wanaochekwa wakipita, Kasuku alitoa albamu. Wenzake walikuwa wanatoa nyimbo za kujisifu, kila mmoja yeye ndiye mkali kuliko wote. Kasuku alisimulia hadithi moja, ikaanzia mwanzo wa kanda mpaka mwisho wa upande wa pili. Aliiita *Lango la Nyuma*, na dada yake ndiye aliyeimba kiitikio.

Nayo ikadoda. Mtangazaji wa redio alisikiliza kidogo akamrudishia kanda. "Ndugu yangu, watu wanataka kutikisa mabega, wewe unawasomea hadithi." Wazee walisema huyo haimbi, anagombana na kinanda. Vijana wa disko wakasema midundo yenyewe haina mahali pa kurukia. Haki ya Mungu, kazi ya jasho kama ile ilikaa madukani mpaka karatasi za makasha zikapauka kwa jua.

Hadithi yenyewe hakuibuni tu kichwani. Baba yao alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha sabuni, lango la nyuma. Usiku mmoja mtu aliparamia ukuta, filimbi ikalia, mbwa wakafunguliwa, mtu akakamatwa. Alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba tumbo moja. Alifungwa, akaugua huko huko gerezani, akafa. Muda si mrefu baba akahamishiwa lango la mbele, kwenye kibanda chenye kiti na feni, na watu wakajumlisha wenyewe. Walinzi walikuwa wawili usiku ule, mmoja kila lango, na wote walikuwa na filimbi. Lakini nani angehangaika na hilo wakati kibanda chenye feni kinaonekana na kila mtu? Walisema amemuuza ndugu yake. Baba hakukubali wala hakukataa. Alikuwa mtu wa kumeza maneno.

Aliyeumia kuliko wote ni mama mdogo, mjane wa yule aliyekamatwa. Alihama nyumba akaapa hatakanyaga tena kizingiti cha shemeji yake. Kiitikio alikuwa bado msichana. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimsuka nywele, ndiye aliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano, ndiye aliyekuwa akimwita "mke mwenzangu" kwa utani kila akimkuta amelala mapajani mwa baba mdogo. Siku moja yupo, siku ya pili hayupo. Tangu hapo Kiitikio hakuacha kumtaka arudi, na mpaka anaota mvi alikuwa bado anamtaka.

Baba alipokuwa kitandani anakaribia kuondoka, alimwita Kasuku peke yake, akafunga mlango. Kasuku alitoka macho mekundu. "Baba kanipa mwisho," alisema. Dada yake akamshika shati. Mwisho gani? Alipuliza au hakupuliza? Kasuku akatikisa kichwa. Alikuwa ameapa. Baba hakutaka jambo lile lizungumzwe vichochoroni kama umbea. Alitaka lisimuliwe vizuri, kama mtu anavyostahili kusimuliwa, na wa kwanza kusikia awe mama mdogo. Hata dada mtu asitangulie.

Hiyo ndiyo albamu. Ilipotoka dukani, Kasuku alimtuma mtu wa heshima kwenda kumbembeleza mama mdogo, na mama mdogo, kwa shingo upande, akaja. Akakalishwa kwenye kiti kizuri, akapewa soda asiyoinywa. Kanda ikawekwa. Walisikiliza upande wa kwanza kimya, wakageuza, wakasikiliza wa pili, na ubeti wa mwisho ukaingia kwa sauti ya Kasuku ya siku zile, sauti ambayo ungedhani ina mkono na imekushika kola:

*Kiwanda kimelala, taa ya nje imekataa,*
*Mlinzi ndani ya koti, kola imeshachakaa,*
*Kasikia ukutani mtu anakwea, anapaa,*
*Kamulika na tochi yake, akabaki ameduwaa.*

*Uso ule wa utotoni, waliolala mkeka mmoja,*
*Mguu wa huku umeingia, wa kule bado unangoja,*
*Mlinzi katia filimbi mdomoni, jasho linamvuja,*
*Kavuta pumzi ndefu, kimoyomoyo akahesabu: moja...*

Tap! Kitufe cha redio kikaruka. Kanda imekwisha.

Mwenye duka la kurekodi kanda alikuwa na ujanja wake. Badala ya kununua kanda zilizojazwa kiwandani, alikuwa akikata utepe kutoka kwenye gurudumu kubwa na kuujaza mwenyewe kwenye makasha matupu, na kila kasha alilipunja kidogo. Kwa nyimbo za kucheza nani angejua? Wimbo wa mwisho ukikatika watu wanadhani ndivyo ulivyo. Na alipokuwa akikagua kazi yake alisikiliza mwanzo wa kila upande tu, basi, anafunga kasha. Kasuku naye alikuwa ameisikiliza albamu studio mpaka ikamtoka puani, hakujisumbua kuijaribu kanda. Zote, kila moja iliyouzwa na kila moja iliyododa, ziliishia "moja".

Lakini mama mdogo hakuyajua mambo ya utepe. Alichokiona ni kwamba ameitwa mbele ya watu, amepelekwa mpaka ukingoni mwa kifo cha mumewe, na pale penye neno lenyewe, wameona aibu wakakata. Akasimama, akafunga mtandio wake. "Mmeniita mnicheze shere," alisema. Kasuku akamkimbilia mlangoni, amwambie palepale kwa mdomo, na mama mdogo akaziba masikio yake kwa viganja, akaenda hivyo hivyo, ameziba masikio, mpaka mwisho wa barabara.

Na mtaa ulivyo hauna haya, wachache waliokuwa na kanda wakapata utani wa kudumu. Kasuku akipita wanamwambia, "Moja... halafu?" Alicheka nao mwanzoni. "Subirini toleo la pili," aliwaambia. Toleo la pili halikutoka. Dada yake alimbana mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: mama mdogo kwanza. Kusema kweli Kiitikio hakumbana kwa nguvu zake zote. Aliogopa. Kama baba alipuliza kweli, angefanya nini na jibu hilo?

Sasa tusogee mpaka Jumanne ile. Kiitikio alikuwa anatia kola kwenye shati la shule, Kasuku kitini anaangalia sindano inavyopanda na kushuka, mlango ukabishwa. Akafungua. Bibi mfupi, mkongojo, mtandio wa kijivu.

"Shikamoo," alisema Kiitikio kabla hajamtambua, halafu akamtambua.

"Marahaba, mwanangu. Unanyoa nyusi siku hizi? Hazikupendezi." Mama mdogo aliingia bila kukaribishwa, kama aliyetoka jana. "Mwanangu wa kiume ananihamisha. Jumamosi nakwenda kukaa kwake, mbali huko, na kwa umri huu sirudi tena. Nimemwambia kabla sijaondoka kuna neno moja nalitaka. Nimelala nalo miaka yote. Nilidhani limekufa, kumbe lilikuwa limenilalia tu. Yuko wapi huyo msemaji?"

Akamwona. Alisimama pale, mkongojo umechomekwa sakafuni.

"Kasuku," alisema taratibu. "Nimekuja. Masikio haya hapa, sijayaziba. Sema."

Uso wa Kasuku ulifanya kazi kubwa. Jicho lilimtoka, shingo ikasimama mishipa, mkono wa kushoto ukapanda hewani ukatafuta kitu cha kushika. "Ha," alisema. "Ha... haya. Haya! Haya, haya, haya!" Machozi yakamtiririka upande mmoja.

"Maskini ya Mungu," alisema mama mdogo. "Sikuambiwa ni hivi."

Kiitikio akamshika mikono yule bibi, akajisikia anaropoka. Jumamosi bado, alisema. Kuna kanda ya studio, ile kubwa ya mwanzo, ile haikukatwa. "Nitaipata, mama. Niachie mimi." Hata yeye alishangaa alivyosema kwa uhakika, maana hakuwa na uhakika wowote.

Kesho yake aliziacha sare za watu akaenda. Studio ile sasa ni duka la vioo vya madirisha. Fundi mitambo wa enzi zile alimpata kwake, anamwagilia mchicha kwa kopo, kofia imemfunika mpaka nyusi. Alifurahi kumwona. Akamwimbia kiitikio chake chote, na kwa makosa.

"Kanda kubwa? Dada yangu, kanda kubwa ilikuwa inagharimu kuliko msanii. Tulikuwa tunamrekodi mtu, tunamtolea nakala ya kupeleka dukani, tunarekodi mwingine juu yake. Juu ya kaka yako nadhani tulirekodi tangazo la dawa ya mbu."

"Na ile nakala iliyopelekwa dukani?"

"Jamaa wa duka alikufa, vitu vyake wanawe walivichoma. Utepe ukiungua unanuka, hata majirani walilalamika."

"Lakini wewe ulikuwepo. Ubeti wa mwisho ulipoingizwa ulikuwepo. Mlinzi alifanya nini?"

Fundi aliweka kopo chini, akavua kofia, akafikiri kwa kweli. Unaweza kuona mtu anapofikiri kwa kweli. Kisha akatikisa kichwa. "Nilikuwa naangalia mshale wa kipimo cha sauti. Kazi yangu ilikuwa mshale usivuke kwenye nyekundu. Nakumbuka mwishoni pale uliruka sana, nikamwashiria arudi nyuma kidogo kutoka kwenye kipaza sauti. Maneno... dada, haki ya Mungu, maneno sikuyasikia."

Uliruka sana. Kiitikio alitembea na maneno hayo njia nzima. Sauti ya Kasuku ilipanda. Ilipanda kwa nini? Alikuwa anaigiza mlio wa filimbi, au mtu analia tu? Loo, angekuwa na sikio lililokwenda studio siku ile! Lakini yeye alirekodiwa siku moja kabla, mistari miwili, akapewa biskuti akarudi nyumbani.

Ijumaa alimpeleka kaka yake mazoezini, hospitali. Binti anayewafundisha wagonjwa kusema tena alimsikiliza, akasema kuna jambo la kujaribu. Wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji, lakini ukiwaanzishia wimbo wanaoujua wanaimba mpaka mwisho, maneno yote, safi. Kusema kuna njia yake kichwani na kuimba kuna nyingine. "Siahidi," alisema binti. Kiitikio hakulisikia neno hilo. Alikuwa ameshafika nyumbani kwa mawazo.

Jumamosi asubuhi mama mdogo akaja, amevaa nguo za safari, mwanawe kabaki nje kwenye gari. Kiitikio alikuwa ameazima redio ya kaseti kwa jirani, ameifuta vumbi, amezungusha utepe wa kanda yao ya zamani kwa kalamu ya wino mpaka ukakaza. Alimvalisha kaka yake shati lililopigwa pasi. Aliweka kanda upande wa pili, akaisogeza mpaka karibu na mwisho, akabonyeza.

Midundo ya kile kinanda cha zamani ikaanza kugonga, tena kwa kuburuta kidogo kwa sababu mpira wa kuzungushia kanda umelegea. Mkono wa kushoto wa Kasuku ukashtuka. Ukaanza kupiga goti. Na ubeti ulipoingia, jamani, mdomo ule uliopinda ukafunguka:

"Kiwanda kimelala, taa ya nje imekataa..."

Kiitikio alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa ya mzee, imekwaruza, lakini maneno yalikuwa kamili. Mlinzi, koti, kola, tochi, yote yalitoka yamepangana. Mama mdogo alikuwa ameinama mbele mpaka mkongojo unamtoka mkononi. Uso wa Kasuku uling'aa kama wa mtu aliyeonana na nduguye stesheni. "Uso ule wa utotoni," alisema, "waliolala mkeka mmoja." Mguu wa huku umeingia. Wa kule bado unangoja. Filimbi, jasho, pumzi ndefu.

"...akahesabu: moja..."

Tap.

Walingoja. Mdomo wa Kasuku ulibaki wazi. Ulimi ulionekana ukitafuta. "Haya," alisema.

"Tena," alisema mama mdogo.

Wakarudisha. Wakarudisha tena. Kiitikio akajaribu kuizima redio kabla ya neno la mwisho ili kaka yake apite kwa kasi yake mwenyewe, naye akapita kweli, akavuka "moja", na moyo wa dada ukapaa, na kilichofuata kikawa: "Filimbi mdomoni, pumzi iko wapi? Ndugu ukutani, nikimbilie wapi?" Kile kiitikio cha albamu. Sauti yake yeye mwenyewe ya usichanani, imerudishwa kwake na mdomo uliopinda. Alitamani asingeimba kabisa siku ile. Kama pale pangeachwa wazi, pengine maneno yangepita.

Nje gari lilipiga honi, si kwa ukali.

Hapo ndipo Kiitikio aliponyanyuka, akaenda kwenye kopo la vifungo, akachimbua chini mpaka akaitoa filimbi ya baba, ya chuma, imepoteza mng'aro. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Kaka. Usiseme. Fanya tu. Baba alipuliza? Kama alipuliza, puliza. Kama hakupuliza, nirudishie mkononi. Umenielewa?"

"Haya," alisema Kasuku.

Aliichukua kwa mkono wa kushoto. Aliiangalia. Akaitia mdomoni.

Mama mdogo alisimama wima bila mkongojo. Kasuku alivuta pumzi, kifua kikajaa shati lote lililopigwa pasi, shavu la upande mzima likavimba, na pumzi ikatoka. Ikatokea upande mwingine, pale mdomo ulipolegea, pamoja na mate. Filimbi haikulia. Ukasikika mvumo mdogo tu wa hewa, fyuu, basi.

"Hakupuliza," alisema mama mdogo kwa kunong'ona. Mkono wake ulikuwa kifuani. "Mwanangu, anasema hakupuliza. Ndivyo anavyosema? Baba yako hakupuliza?"

Kiitikio alimtazama kaka yake. Kasuku alikuwa anavuta pumzi nyingine, macho yamemtoka, na tena akapuliza, na tena ikavuja upande. Alikuwa anajitahidi ilie? Au alikuwa anaonyesha mtu aliyeweka filimbi mdomoni akaiacha kimya? Hakuirudisha mkononi. Hakuiachia. Kama huo ulikuwa ndio mwisho wa ubeti wake, hivi hivi ndivyo ungeonekana, na kama haukuwa, ungeonekana hivi hivi pia.

Neno moja lilikuwa kwenye ulimi wa Kiitikio. Ndiyo, mama. Ni jepesi, na lingetosha. Mama mdogo angeondoka nalo, angempigia simu kila Ijumaa, angemwita mke mwenzangu. Alifungua kinywa kulisema, akaona macho ya kaka yake juu ya filimbi yanamtazama, yanamwomba, na hakujua yanaomba aseme nini.

"Sijui, mama," alisema. Machozi yakamwangukia kwenye magoti. "Anashindwa, au ndiyo jibu lenyewe. Mimi sijui."

Mama mdogo akamsogelea Kasuku, akampangusa mate kidevuni kwa ncha ya mtandio wake wa safari, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto. Akambusu Kiitikio utosini. Akachukua mkongojo wake. Mlangoni aligeuka akawatazama wote wawili, mdomo ukamcheza kama anataka kuuliza mara moja tena, halafu honi ikalia, akaenda.

Kiitikio alijaribu kuichukua filimbi. Kasuku aliing'ang'ania kwa meno. Gari lilikuwa limeshapotea mwisho wa barabara, na yeye alikuwa bado anapuliza.